Kilomita ishirini zilizokula siku: kisa cha waendesha baiskeli wanne kwenye pwani ya Alentejo, Ureno

Majina, mwaka, kazi za wahusika na miji wanakoishi nimeviondoa. Niliongea na wote wanne, kila mmoja peke yake, kisha nikapitia rekodi ya njia iliyobaki kwenye simu yao, dakika kwa dakika. Pwani hiyo naifahamu. Nimeipita kwa baiskeli. Wao wenyewe ndio walioomba kisa kiandikwe, kwa sababu kila majira ya joto watu hufika Ureno na mipango inayofanana sana na yao.

Usuli

Ni wazungumzaji wanne wa Kiswahili wanaoishi Ulaya. Walipanga kutoka Lisbon hadi Sagres, pembe ya kusini-magharibi ya Ureno, kwa siku sita mwishoni mwa Juni. Nitawaita walivyoitana njiani: Anko, mwenye miaka 56, mtu wa pwani ya Kenya na kiongozi wa msafara, Shangazi, 51, Fundi, 34, ambaye baiskeli zote zilipita mikononi mwake kabla ya safari, na Binti, 23, aliyekuwa akimwamkia Anko shikamoo kila asubuhi kabla hata ya chai.

Baiskeli zilikuwa za safari za kawaida: tairi za upana wa milimita 35, keria nyuma, mikoba miwili ya kando. Fundi alizipima. Kila moja pamoja na mzigo wake ilikuwa kati ya kilo 28 na 31. Maji: chupa mbili kwa kila mtu, jumla lita moja na nusu.

Waliamua kuanzia kaskazini kwenda kusini, na hapo hawakukosea. Majira ya joto pwani ya magharibi ya Ureno hutawaliwa na upepo uitwao nortada. Mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa baharini upande wa visiwa vya Azores, huku bara la Iberia likichemka kwa jua na hewa yake kupanda juu. Tofauti hiyo huvuta upepo wa kaskazini kando ya pwani, mpole asubuhi, mkali alasiri. Mtu wa pwani yetu ataufananisha na kaskazi, ila huu ni wa miezi ya joto ya Ulaya na una saa zake. Anayeteremka kusini husukumwa mgongoni, na anayerudi kaskazini huuona ubaya wake wote.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Walivuka mto Tejo kwa boti hadi Barreiro, wakapita chini ya ngome ya Palmela, wakalala Setúbal. Kesho yake pantoni iliwavusha mlango wa mto Sado hadi Tróia, wakafuata ule ulimi mrefu wa mchanga hadi mashamba ya mpunga ya Comporta, na jioni wakafika Santo André. Karibu kilomita 60, lami tupu, upepo nyuma. Shangazi aliniambia hajawahi kuendesha siku nzuri kama ile. Nadhani siku ile ndiyo iliyowaponza. Waliamka wakiamini kwamba kilomita za Ureno zote ni za aina hiyo.

Mpango wa siku ya tatu

Siku ya tatu ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia: Santo André, Sines, Porto Covo, kisha Vila Nova de Milfontes kwenye mdomo wa mto Mira. Kilomita hamsini na kitu. Kwa kuwa ilionekana nyepesi, hawakuamka mapema.

Sines walikaa zaidi ya saa moja. Ni mji alikozaliwa Vasco da Gama, na sanamu yake imesimamishwa karibu na ngome, ikitazama bahari. Anko amekulia na habari za nguzo iliyoachwa Malindi baada ya ujio wa mwaka 1498, na alitaka kusimama mahali mtu yule alikotokea. Simlaumu, ningekuwa mimi ningekaa muda uleule. Ila saa ile moja ilitoka kwenye asubuhi, na asubuhi ndiyo mali ya thamani kuliko zote kwenye pwani hii.

Kutoka Sines walikutana na malori ya bandarini. Mawili yaliwapita kwa kasi, na upepo wake ukamyumbisha Shangazi hadi pembeni mwa lami. Alipofika Porto Covo mikono ilikuwa bado inatetemeka. Akasema, "Kaka, kama ipo njia nyingine isiyo na magari, tupite huko."

Wakati wa chakula Anko alifungua programu ya ramani kwenye simu. Kulikuwa na njia mbili za kwenda Milfontes. Ya kwanza ilikuwa lami, ikiingia ndani ya bara kwa kupanda na kushuka, kisha kurudi pwani. Ya pili ilifuata ukingo wa bahari moja kwa moja, kilomita 20, na mchoro wake wa vilima ulikuwa karibu mstari ulionyooka. Mtu fulani aliirekodi na kuiweka kwenye kundi la njia za baiskeli. Anko akachagua ya pili. Alikuwa na sababu mbili, nazo hazikuwa za kipuuzi: Shangazi ameomba kuepushwa na magari, na njia haina milima. Akakadiria saa moja na nusu.

Yaliyotokea

Waliondoka Porto Covo saa nane mchana. Kilomita za mwanzo zilikuwa lami hadi mkabala na Ilha do Pessegueiro, kisiwa kidogo chenye magofu ya ngome, kisha njia ikageuka kuwa ya vumbi. Bado iliendesheka. Fundi alipunguza upepo kwenye tairi zote ili zishike vizuri, na kwa muda ilisaidia.

Hapo ndipo Binti alipouona ubao. Ulikuwa na mistari miwili ya rangi, kijani na bluu, na pembeni picha ya baiskeli iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Alisema, "Anko, hii njia ni kama wamekataza baiskeli." Kwa maelezo yake mwenyewe, alilisema kwa sauti ya chini, na mara moja tu. Anko alijibu, "Twende mbele kidogo, itatengemaa." Anakumbuka alijibu hivyo. Anachokumbuka zaidi ni kwamba hakuuangalia ubao.

Kufikia saa tisa walikuwa kwenye mchanga mlaini wa matuta. Tairi za milimita 35 zikibeba kilo 30 huzama kama kisu kwenye uji, na kupunguza upepo hakusaidii tena. Walishuka, wakaanza kusukuma. Rekodi inaonyesha mwendo wa kati ya kilomita mbili na tatu kwa saa, na vituo vingi. Karibu saa kumi kasoro dakika kumi walipita Aivados, ambako kuna njia ya magari inayotoka ufukweni kwenda bara. Hakuna aliyeisemea. Wote wanne walikuwa wameinamia usukani.

Saa kumi na dakika kumi keria ya Shangazi ilianguka upande mmoja. Parafujo iliyoishika kwenye fremu ilikuwa imekatika kwa kusukumwa na kuburutwa. Fundi aliifunga kwa kamba, akahamishia mikoba ya Shangazi kwenye baiskeli yake. Nusu saa baadaye Shangazi aliketi mchangani bila kusema neno. Kichwa kilimgonga, alihisi kichefuchefu, na alipojaribu kusimama dunia ilizunguka. Chupa zake zote mbili zilikuwa tupu. Kikundi kizima kilibakiwa na takriban nusu lita.

Walikuwa wametumia saa mbili na dakika arobaini, na walikuwa wamevuka kilomita tisa.

Maamuzi ya pale mchangani

Kuanzia dakika hiyo kikundi kilifanya kazi nzuri, nami sitaki sehemu hii imezwe na makosa yaliyotangulia.

Binti alikuwa amesoma huduma ya kwanza. Alimlaza Shangazi kwenye kivuli chembamba cha kichaka, wakaongeza kivuli kwa kanga iliyotandazwa juu ya baiskeli mbili zilizosimamishwa. Alimlegeza nguo, akamlowanisha shingo kwa maji kidogo, akampa yaliyobaki kwa funda ndogondogo pamoja na biskuti za chumvi. Kisha akamuuliza maswali: leo siku gani, tumelala wapi jana, jina la mdogo wako. Alijibu yote sawasawa, na ngozi yake ilikuwa bado inatoa jasho. Binti akaweka mpaka kwa sauti ambayo sasa kila mtu aliisikia: akianza kuchanganyikiwa, akitapika, au akikosa nafuu kwa nusu saa, tunapiga 112, namba ya dharura. Mpaka huo ulikuwa sahihi. Mtu aliyezidiwa na joto lakini akili yake i timamu hupata nafuu kwa kivuli, maji na mapumziko. Mwili ukichemka na akili ikapotea, hiyo ni hatari ya kifo na haisubiri kujadiliwa.

Fundi alitaka kukimbia peke yake mbele kutafuta maji. Anko akakataa: simu yenye ramani ni moja, betri yake imebaki robo, na wakigawanyika kutakuwa na pande mbili zenye shida. Walikaa pamoja. Ndani ya dakika ishirini walipita watembea kwa miguu wawili waliotokea kusini. Waliwapa lita moja ya maji na habari iliyokuwa na thamani kuliko maji: mbele kidogo kuna ufukwe wa Malhão, una maegesho na njia ya magari ya kutoka.

Shangazi alipata nafuu. Walipiga simu kwenye nyumba ya wageni waliyokuwa wameiwekea nafasi Milfontes, wakaeleza hali. Kisha Fundi na Anko wakawa wanasukuma baiskeli mbili, wanarudi, wanasukuma nyingine mbili, huku Binti akitembea na Shangazi taratibu, mkono kwa mkono. Saa kumi na mbili na nusu walifika maegeshoni. Mwenye nyumba ya wageni alikuja na pikapu.

Matokeo

Shangazi alilala mapema, akaamka na njaa, na siku iliyofuata walipumzika wote Milfontes. Siku hiyo Fundi alikwenda na keria mkononi hadi karakana ya pikipiki. Hana Kireno hata kidogo. Alionyesha tundu tupu na kusema neno alilokuwa nalo: parafujo. Mzee wa karakana akajibu, "Parafuso!", akavuta mkebe, akatoa ya milimita tano. Kiswahili kilichukua neno hilo kwa Wareno karne nyingi zilizopita, pamoja na meza na bendera, na siku ile lilirudi kwao likiwa bado na maana yake.

Hasara nyingine ilikuwa ya ratiba. Pwani hii haina treni ya abiria. Reli ya kusini hupita mbali ndani ya bara, na mtu aliyekwama Milfontes au Odeceixe hawezi kukimbilia stesheni. Walikuwa wamekata tiketi za kurudi kutoka Lagos ya Ureno, wakibadilisha treni kwenye stesheni ya Tunes. Kwenye treni za masafa marefu nafasi za baiskeli ni chache na huwekwa pamoja na tiketi. Walipochelewa siku moja walipoteza nafasi zote nne, wakarudi wawili wawili kwa treni tofauti.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa la ufukweni. Lilifanyika mezani Porto Covo, pale njia ilipopimwa kwa kilomita na vilima peke yake. Mchoro wa vilima unaeleza njia inapanda kiasi gani. Hausemi kitu juu ya kinachokanyagwa. Na dalili ilikuwapo. Njia ile ni kipande cha Trilho dos Pescadores, njia ya wavuvi, sehemu ya mtandao wa Rota Vicentina. Watembea kwa miguu hutengewa siku nzima kwa zile kilomita 20 kati ya Porto Covo na Milfontes. Ukisikia kwamba mtu mwenye afya na mkoba mgongoni anahesabu siku nzima kwa kilomita 20 za tambarare, swali la kwanza liwe: kuna nini chini ya miguu yake?

Mtandao huohuo una njia nyingine ndani ya bara, Caminho Histórico, yenye alama nyekundu na nyeupe, na hiyo inaruhusu baiskeli. Kijani na bluu ni ya miguu tu. Anayekariri rangi hizi mbili kabla ya kuondoka nyumbani tayari ameepuka sehemu kubwa ya kisa hiki. Katazo lenyewe halikuwekwa kuwaonea waendesha baiskeli. Pwani ile ni hifadhi ya mazingira ya asili tangu 1995, na matuta yake yameshikiliwa na mimea mifupi ambayo tairi huing'oa kirahisi. Kwa hiyo waliokuwa wakiteseka pale mchangani walikuwa pia wanaharibu, na hilo liliwauma wote wanne walipolijua.

La pili ni jua. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunajua kwamba jua kali ni la saa sita, na ifikapo saa nane limeanza kuegemea. Ureno iko magharibi kabisa ya Ulaya, na miezi ya joto saa zake husogezwa mbele. Mwishoni mwa Juni jua hufika kileleni kama saa saba na nusu mchana, na huzama karibu saa tatu usiku. Kwa hiyo walipoondoka saa nane walidhani wanaukwepa mchana, kumbe wanauingia. Urefu wa siku nao ulimdanganya Anko: kila alipotazama juu aliona mwanga mwingi, akahisi muda upo. Muda ulikuwapo, maji ndiyo hayakuwapo. Na nortada ikaficha jasho. Upepo ulilikausha kabla hawajalihisi, wakawa wanapoza ngozi huku mwili ukikauka.

Upepo huohuo ndio uliofanya kurudi kuwe kugumu, na hili naliona wachache wanalizungumzia. Nilipomuuliza Anko kwa nini hakugeuka saa tisa, alijibu bila kusita: kurudi Porto Covo kulimaanisha kuukabili upepo wa alasiri uso kwa uso, pamoja na mchanga unaorushwa. Hoja yake ina uzito. Anayesafiri na upepo mgongoni hurefusha njia ya kurudi kila anapopiga hatua, kwa hiyo uamuzi wa kurudi inabidi aufanye mapema kuliko moyo unavyotaka. Hapa wangeweza kuuweka mezani kabla ya kuondoka: tukisukuma baiskeli kwa dakika kumi mfululizo, tunageuka. Kwa kanuni hiyo wangegeuka saa tisa na dakika kumi, kila mtu akiwa na chupa karibu nzima. Hata wangeipuuza, Aivados ilikuwa inawangoja na njia yake ya bara. Hawakuiona kwa sababu hakuna aliyeorodhesha mahali pa kutokea.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni lile la ubao. Binti aliuona, akausoma, akauelewa, akasema mara moja kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kwa nini hakurudia. Akasema, "Ningemwambiaje Anko mara ya pili mbele ya watu?" Malezi yake hayakuwa na kosa. Mtoto aliyefunzwa kutomkatiza mkubwa amefunzwa vizuri. Aliyetakiwa kuondoa uzito huo ni kiongozi, kwa kutamka kabla ya safari kwamba barabarani neno "simama" halina umri. Alipokuwa anashughulikia ugonjwa wa Shangazi, Binti huyohuyo aliamuru wakubwa wake bila kigugumizi, nao wakatii, kwa sababu katika huduma ya kwanza kila mtu alishakubali kwamba yeye ndiye mjuzi. Heshima ilikuwa ileile; kilichobadilika ni kwamba nafasi yake ilijulikana.

Na malori? Hofu ya Shangazi ilikuwa ya kweli, lakini dawa yake haikuwa mchanga. Tangu Januari 2014 sheria ya barabara ya Ureno inamtaka dereva aache mita moja na nusu anapoipita baiskeli, na inaruhusu waendesha baiskeli wawili kwenda sambamba. Siku zilizofuata walipita barabara ya N120 kwenda Odeceixe na Aljezur, Shangazi katikati, Fundi sambamba naye upande wa nje palipokuwa na nafasi. Anasema madereva wengi walisubiri. Barabara ile ina milima, walipanda polepole, na walifika.

Walichobadilisha

Simu yenye ramani alikabidhiwa Binti. Chupa ziliongezwa hadi lita tatu kwa kila mtu. Walianza kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kusimama saa sita, wale chakula kabla jiko la mgahawa halijafungwa, maana vijijini ukifika saa tisa utapewa kahawa tu.

Siku ya mwisho, kati ya Carrapateira na Vila do Bispo, kilitokea kijia cha vumbi upande wa kulia, kizuri, kikielekea baharini, na kwenye nguzo yake mistari ya kijani na bluu. Anko alikuwa mbele. Binti aliita, "Anko, simama!" Alikuwa ameshashika breki kabla neno halijaisha. Wakanywa maji, wakarudi kwenye N268, na jioni wakafika Sagres wote wanne wakiwa juu ya baiskeli.